Bibi Yetu Hakuwa Mvumilivu
Neno la familia kwenye khitma ya arobaini, Jambiani

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wetu, sheha wetu, wazee wangu wa Jambiani na nyinyi mliotoka Makunduchi, Paje, Bwejuu na mjini. Mama zangu na shangazi zangu mlioko huko uani, natumai sauti inawafikia. Ikikatika, mtumeni mtoto aje aniambie, kwa sababu nusu ya maneno niliyonayo ni yenu kuliko ya hawa waliokaa mbele yangu.

Leo zimetimia siku arobaini tangu bibi yetu atangulie mbele ya haki. Najua wapo hapa wenye rai yao juu ya arobaini, kwamba haina asili, na rai yao naiheshimu. Hao ndio ninaowashukuru zaidi, maana wamekuja kwa ajili ya bibi, si kwa ajili ya arobaini. Juzuu zimesomwa, khitma imetimia, Mwenyezi Mungu amfikishie thawabu zake. Ami yangu mkubwa ameniamuru niseme neno la familia na akanipa dakika kumi. Ananijua, ndiyo maana amekaa hapo na saa yake ameigeuza juu.

Siku za matanga nilikaa barazani nikipokea watu waliokuja kuhani, na karibu kila aliyenipa mkono aliniambia jambo lile lile: bibi yako alikuwa mvumilivu. Nikajibu ahsante sana, Mungu akulipe, kwani ndivyo inavyojibiwa. Lakini watu walipotawanyika, usiku, nilikuwa nikibishana nao kimoyomoyo. Nyinyi mliolima naye mwani, mliogombana naye juu ya mpaka wa shamba kule karibu na mkondo, hivi kweli mlimwona akivumilia? Bibi yetu hakuvumilia mizani ya kupunja. Hakuvumilia mtu aliyesema atakuja asubuhi akatokea adhuhuri. Hakuvumilia hata mchuzi wa samaki uliopikwa bila ukwaju, aliisukuma sahani mbele ya mkwe na kusema, "Haya maji ya moto mmempikia nani?"

Msinielewe vibaya. Subira ya Mungu alikuwa nayo. Alizika watoto wawili wachanga, akamzika babu, na hakuna aliyemsikia akimuuliza Mola wake kwa nini. Ninachokataa ni hii sifa tunayowapa marehemu wetu wote wa kike kama sanda, kipimo kimoja, rangi moja, kila mmoja anavishwa hiyo hiyo na hajulikani tena nani ni nani. Bibi alikuwa mtu wa kazi na mtu wa hesabu. Mimi nimekulia ndani ya hesabu zake, nikiwa karani wake, na leo nataka nizifungue mbele yenu. Si zote. Tulieni, wengine nimewaona mmeshaanza kuangalia chini.

Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe alikuwa akisema Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta mwali, ameshaposwa. Mwaka huo huo, tarehe 23 Septemba, serikali ikatangaza elimu bila malipo, na siku ile tunaisherehekea mpaka leo. Kwake tangazo lile lilifika akiwa tayari yumo ndani ya ndoa. Chuoni alisoma na msahafu alihitimu, lakini skuli hakuikanyaga. Alipojaaliwa watoto aliwapeleka wote, wa kike kwa wa kiume. Kuna mzee mmoja, ameshatangulia naye, alimuonya kuwa mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Bibi akamjibu: "Basi na aandike mwenyewe. Mimi yangu ikiandikwa na mtu, sijui alichoandika."

Vijana mliopo hapa mmeikuta pwani yetu ina mahoteli na kamba za mwani, mkadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kabla ya hapo kazi ya wanawake wa upande huu ilikuwa makumbi. Unayakusanya makumbi ya nazi, unayafukia pwani mahali panapofikiwa na maji ya bahari, unayapandia mawe yasichukuliwe, unayaacha miezi na miezi yaoze. Kisha unayafukua, na siku hiyo upepo ukivuma kuelekea mjini kwenu hamkai barazani. Unayatwanga kwa gongo mpaka nyuzi ziachane, unaosha, unaanika, halafu unakaa chini ya mkungu unasokota usumba kamba baada ya kamba. Kiganja cha bibi kilikuwa kigumu kwa kazi hiyo. Nikiwa mtoto nilikuwa namwomba anikune mgongo, kwa sababu hakuna mtu mwingine nyumbani aliyekuna vizuri kama yeye, na hakulazimika kutumia kucha.

Ile miaka ya mwanzo ya 1970, ya foleni za mchele, makumbi hayakutosha. Maji yakitoka alikwenda kuokota kombe, akachokoa pweza mawambani, akarudi na kikapu kichwani na mtoto mgongoni. Sitaki kukaa sana hapo, kwa sababu kila familia iliyopo hapa inayo hadithi yake ya miaka ile na baadhi zina uchungu kuliko yetu.

Mwaka 1989 ndipo mwani ulipoanza kulimwa kibiashara hapa kwetu na Paje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanaume waliuona mchezo. Kulima baharini! Wengi wao walijaribu mara moja wakaacha, wakaona pesa yake haifanani na kazi yake. Wanawake ndio walioushika, na mpaka leo ndio wengi. Wazee wenzangu, tuseme kweli kwa kuwa wahusika wengi hawapo: zilipoanza kuonekana pesa mikononi mwa wanawake, majumba mengi yalitikisika. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi na mtu mwema, lakini alikataa. Alisema mke wake hatakwenda kushinda kwenye maji akionekana na watu. Bibi hakubishana naye. Alimuuliza tu, je, nikienda kuchokoa pweza naonekana au sionekani? Babu akanyamaza siku tatu. Siku ya nne bibi alichonga vigingi vyake mwenyewe, na ya tano babu akaja kumsaidia kuvipigilia, kwa sababu alivyovipigilia yeye vilikuwa vimepinda na babu hakuweza kukaa akiviangalia.

Nitaieleza kazi yenyewe kidogo kwa wageni wetu wa mjini wanaokula urojo tu. Unapigilia vigingi mchangani, unavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na katika kila kamba unafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vidogo, moja baada ya nyingine, umeinama. Unasubiri wiki sita hivi. Halafu unavuna, unabeba mbichi ukiwa unachuruzika maji ya chumvi kutoka kichwani mpaka machoni, unaanika, unageuza, mvua ikija unakimbilia kufunika. Ukipima kilo saba au nane mbichi hupati zaidi ya kilo moja kavu. Na kilo hiyo kavu, miaka yake ile, bei yake ilikuwa shilingi mia chache. Unakwenda nje, unatengenezwa uji wa kugandisha vitu, unarudi katika dawa ya meno na aiskrimu. Bibi alipoambiwa hayo alishika mswaki akauangalia muda mrefu, akauliza: "Basi hapa mimi nimo kiasi gani?"

Na yote hayo yanafanyika kwa saa ya bahari, si ya ukutani. Kwenye bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na saa nne au saa tano ya asubuhi bahari imeondoka mpaka unaona watu kule mbali ni vitone. Hapo ndipo mashamba yanapofanyiwa kazi. Siku za maji mafu hakuna kitu. Nilipokuwa nasoma, bamvua ikiangukia siku za skuli nilijua nitaitwa jina baya na mtu mmoja tu: mwalimu akiniita mtoro au bibi akiniita mvivu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniamulia. Asubuhi skuli, magharibi daftari.

Hapo ndipo ulipoanza ukarani wangu. Alininunulia daftari la mistari, akanikalisha karibu na kandili, akawa anasema mimi naandika. Leo polo mbili kavu. Leo polo moja na nusu, mvua imeharibu. Kamba mpya nimenunua. Taitai nimemkopesha fulani. Hakujua kusoma alichoniandikisha, lakini ukikosea anajua. Mwisho wa mwezi aliniambia nimsomee tangu mwanzo, na nilipojaribu kuruka mstari niwahi kulala, alinyoosha kidole: "Rudi. Pana ya Jumatatu hujaisema."

Habari ya mizani wengi mnaijua, lakini nimeombwa niisimulie na wale walioisikia kwa wengine. Kulikuwa na mnunuzi mmoja, simtaji, ambaye bibi alihisi kilo zake ni ndefu kuliko kilo za watu wengine. Siku ya kupima alipita dukani akanunua pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, hazijafunguliwa. Akafika bandani, akasubiri zamu yake kwa adabu, kisha kabla hajaweka polo lake akaziweka zile pakiti juu ya mizani. Ikasoma kilo tatu na ushee. Hakupiga kelele. Aliwageukia wanawake waliopanga foleni nyuma yake akasema, "Naona unga wangu umeliwa njiani." Kazi ya siku ile ilisimama. Mizani mingine ilipatikana, sijui ilitoka wapi, lakini ilipatikana kabla ya alasiri. Sasa mtu kama huyu ndiye mnayeniambia alikuwa mvumilivu.

Pesa ya mwani ndiyo iliyojenga nyumba hii mnayoiona, na mimi ninayo katika madaftari jinsi ilivyopanda. Matofali kwanza, yakakaa miaka yakiota ukungu. Kisha chumba kimoja. Kisha cha pili, na bati. Alipomaliza, kuna watu wa ukoo walimshauri nyumba iandikwe kwa jina la mwanawe wa kiume, ndiyo heshima. Bibi alikuwa anaijua ile aya ya 32 ya Suratin Nisaa, kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Aliisoma kwa Kiarabu kwanza, taratibu, kisha akawaambia tafsiri wakatafute kwa sheikh. Nyumba ikabaki kwa jina lake. Ami zangu hao hapo wanacheka, kwa hiyo naona wameshasamehe.

Halafu ikaja miaka ambayo ile aina ya mwani tunayoiita kotoni, nene, yenye bei, ilianza kufa. Maji yalikuwa ya moto kuliko zamani; unakwenda leo umeuacha mzima, unarudi umekuwa mweupe unameguka mkononi. Wakabaki na ile nyembamba ambayo bei yake ni ndogo. Wengine waliacha, wengine wakaingia kwenye sabuni za mwani, wengine hivi sasa wanalima sponji. Bibi aliendelea mpaka magoti yalipokataa. Hata hapo hakusema ameacha. Alisema shamba limepumzika.

Sasa nifike kwenye daftari lile ambalo linawasumbua baadhi yenu.

Bibi alikuwa akikopesha. Hakuwa na kikundi wala sanduku la hisa, alikuwa na kibindo chake. Ada ya mtoto, nauli ya hospitali, mchele wa shughuli, nyavu iliyochanika. Na kila mkopo uliandikwa. Lakini mara ya kwanza nilipoanza kuandika jina la mtu, alinizuia mkono. "Usiandike jina. Daftari lina miguu." Basi kila mdaiwa tukampa jina la mle ndani tu. Mwenye Mlango wa Kijani. Kanga ya Njano. Anayekohoa. Mama Kuku Watatu. Nilipokwenda kusoma mjini binamu zangu walishika ukarani baada yangu, mmoja baada ya mwingine, nao wakapewa majina mapya. Kwa hiyo leo tumekaa chini makarani wote, tumeyafungua madaftari yote, na kila mmoja anaijua miaka yake tu. Yapo majina hata sisi wenyewe tumeshindwa kuyatambua. Alikufa nayo.

Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa siku alipofika mtu nyumbani akamzungumzia mwenzake vibaya, kwamba fulani anajifanya tajiri na huku kila mahali anadaiwa. Huyo fulani alikuwemo ndani ya daftari. Na huyo msemaji naye alikuwemo, ukurasa ule ule. Bibi alimkaribisha chai.

Ilikuwepo kazi moja ambayo hakuiandikisha hata siku moja, na mama zangu huko uani mmeshajua ninakokwenda. Alikuwa muosha. Kwa miaka sijui mingapi, mwanamke akifariki kijiji hiki, mlango uliogongwa ulikuwa wa bibi. Usiku wa manane, mvua ya masika, Ramadhani, ametoka baharini amechoka hata kusimama hawezi, alijifunga kanga mbili akatoka. Hakuchukua senti. Akipelekewa sukari kama shukrani, aliigawa njiani kabla hajafika nyumbani. Nilimuuliza wakati mmoja, kwa ujinga wa utoto, mbona hii hatuiandiki? Aliniangalia kama nimesema tusi. Akasema, "Hii haina mdaiwa."

Shangazi yangu ndiye aliyerithi kazi hiyo kwake, yeye pamoja na wanawake wawili vijana wa hapa. Amenipa ruhusa niseme hili. Bibi alimfundisha kwa ukali ule ule wa mizani. Maji yasiwe ya moto sana wala baridi, kana kwamba mtu yu hai. Majani ya mkunazi, kisha kafuri maji ya mwisho. Nywele mafungu matatu. Sanda ya mwanamke vipande vitano, na kila kimoja kina mahali pake. Na mdomo: chochote utakachokiona, alama, kovu, ugonjwa, kinabaki mle chumbani. Basi usiku ule wa kuamkia Ijumaa bibi alipovuta pumzi ya mwisho kitandani kwake, shangazi hakulia. Alisimama akasema, "Chemsheni maji, yasizidi." Amelia baada ya siku ya tatu, na tulikuwa tumeshaanza kuogopa.

Mama zangu, nyinyi mlimwosha, mkamvisha, mkamtia udi, halafu jeneza lilipotoka hapo mlangoni mkabaki. Ndiyo desturi yetu na sina neno nayo. Lakini nimefikiri kwamba mliomjua zaidi hamkuona alipofikishwa, na hakuna aliyewaeleza vizuri, maana wanaume tukirudi makaburini tunanawa miguu tunakaa kimya. Nikuelezeni.

Kaburi lilichimbwa tangu alfajiri. Mnaijua ardhi yetu, juu mchanga kidogo na chini yake mawe. Vijana walipokezana mtaimbo na wengi wao walikuwa ni watoto wa wale aliowakopesha ada, sikuwaita mimi, nimewakuta. Maji ya kunywa walipelekewa mara mbili. Aliposaliwa, safu za msikitini zilifika nje mpaka chini ya miti. Ami akauliza, kama inavyopasa, kuna anayemdai marehemu? Akasimama mtu mmoja tu, mwenye duka, akasema ana deni la sukari na betri za tochi, na kwamba amelisamehe, amelisema tu ili bibi asiondoke na kitu. Ami akamlipa pale pale. Tuliporudi nyumbani tulikuta deni lile limeandikwa katika daftari la mwisho: sukari, betri.

Kaburini tulishuka watatu, ami wawili na mimi. Kabla hajateremshwa, wenzetu walitanda shuka juu ya kaburi, wameishika pembe zote, ili hata sisi wanaume tuliosimama pale tusimwone. Basi chini mle palikuwa na mwanga wa nguo tu. Alikuwa mwepesi. Mimi nilikuwa upande wa miguu, na nilikumbuka kuwa tangu nilipokuwa mdogo aliniita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu, akaniambia siku ya kumbeba nisimwangushe kwa sababu mahari yenyewe sijamaliza kulipa. Sikumwangusha. Tulimlaza kwa ubavu wa kulia katika mwanandani, uso kibla, tukafungua mafundo ya sanda. Mafundo yalikuwa mazuri, shangazi. Yalifunguka kwa mkono mmoja. Tukaweka viunza, tukatoka, udongo ukarudi. Sheikh akasoma talakini, tukakaa kidogo, upepo wa kusi ukawa unapiga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mlichokikosa kilichofanywa vibaya.

Nisiseme kama vile nimeshamaliza kuomboleza. Mimi naishi mjini, nafundisha. Kila bamvua, miaka yote hii, bibi alikuwa ananipigia simu asubuhi. Hakuwa ananiita, anajua niko darasani. Alikuwa ananiarifu tu: "Maji yanatoka." Nami najibu, "Haya bibi," na simu inakatwa, kwa sababu vocha ni pesa. Tangu afariki bamvua zimepita. Ya kwanza nilikuwa naandika ubaoni, saa nne imekaribia, nikasimama na chaki mkononi nikisubiri kitu bila ya kujua nasubiri nini, mpaka mwanafunzi mmoja akauliza, mwalimu, tufute au tuache? Nikamwambia wafute. Sikuwa nimeandika chochote cha maana.

Ami amenyanyua saa. Nimalizie na mambo ya kifamilia ambayo lazima yasemwe hadharani.

Warithi wa bibi ni watoto wake wanne, wote ni watu wazima wenye akili zao. Walikaa pamoja na sheikh wakamuuliza juu ya hizi fedha ambazo watu wanadaiwa. Sheikh akawafahamisha kwamba deni ambalo marehemu anawadai watu ni mali ya warithi, na kila mmoja ana hiari katika fungu lake, hakuna wa kumsemea mwenzake. Wakaulizwa mmoja mmoja. Wote wanne wamesamehe. Kwa hiyo Mwenye Mlango wa Kijani, Kanga ya Njano, Anayekohoa, na wengine wote mliomo, wa miaka ya kandili na wa miaka ya simu: hamdaiwi na familia hii, duniani wala akhera. Madaftari tutayachoma leo baada ya isha, makarani wote tukiwepo. Najua wapo watakaosema ingekuwa vizuri yahifadhiwe kama kumbukumbu, na mimi mwenyewe roho inaniuma. Lakini yana miguu.

Atakayeona moyo wake hautulii mpaka alipe, hatumkatalii. Chochote kitakachoingia kitanunuliwa vitambaa vya sanda, kafuri na mkunazi, vikae kwa shangazi tayari kwa mwanamke yeyote wa kijiji hiki, mwenye uwezo na asiye nao, kwa thawabu za bibi. Msinipe mimi, wala msimpe ami hapa mbele za watu. Mpelekeeni shangazi, mlango wa uani, wakati wowote baada ya magharibi. Hatakuuliza jina.

Chakula kipo cha kutosha, wanaume huku barazani na chini ya turubai, wanawake uani. Wanaorudi mjini na gari ya 309, dereva amekubali kusubiri mpaka tumalize kula, na yeye mwenyewe tumemwekea sahani. Sheikh, tafadhali, tuombee dua.